Jinsi ya kutunza joto la boksi la tarantula hapa Tabora

Kila Septemba inapoingia, simu yangu hupokea picha za aina moja. Boksi la plastiki, buibui mkubwa amejibandika kwenye mfuniko mchana kweupe, na chini yake swali: “Shikamoo mwalimu, huyu ana nini?” Ikifika Juni swali linageuka: “Mwalimu, ninunue taa ya kumpasha joto?” Wanaouliza ni vijana niliowafundisha baiolojia, rafiki zao, na siku hizi hata wazazi ambao mtoto amewaletea buibui nyumbani ndani ya kopo la siagi. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, ili anayeanza asipoteze kiumbe kwa kosa ambalo lingekwisha kwa kusogeza boksi hatua tatu.

Mafunzo mengi kuhusu tarantula yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako kazi kubwa ni kumpasha buibui joto huku nje kuna theluji. Ukiyafuata yalivyo hapa kwetu utamuua. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai hushuka mpaka nyuzi 15 au chini kidogo, ni kweli, lakini mchana wa Septemba na Oktoba hupita 30 nje kivulini, na ndani ya chumba chenye bati lisilo na dari hupanda zaidi ya hapo. Katika miaka yangu yote ya kufuga sijampoteza buibui kwa baridi. Kwa joto nimempoteza mmoja.

Ilikuwa Oktoba. Boksi nililiweka juu ya kabati la nguo, kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto wadogo na nilitaka liwe mbali na mikono yao. Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa ukutani karibu na mlango, na asubuhi ile na siku zote za nyuma kilikuwa hakijavuka 29. Niliporudi saa kumi na moja jioni nilimkuta ameikunja miguu yote minane chini ya tumbo, kama kiganja kilichofumba kitu. Nikakitoa kipimajoto mlangoni nikakipandisha juu ya kabati. Kikaanza kupanda huku nakiangalia, kikasimama kwenye 37, na jua lilikuwa limeshalegea. Kati ya mlango na juu ya kabati hakuna hata mita tatu.

Kuhusu mwili wake, yafuatayo yanatosha. Tarantula hatengenezi joto lake mwenyewe kama kuku au kama sisi. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipokaa. Pakiwa na joto anakula sana, anakua upesi, anajivua gamba mara nyingi zaidi, na maji yanamtoka haraka. Pakipoa anatulia na kupunguza kula, na hana neno. Porini akizidiwa na joto anashuka ndani ya shimo lake, maana udongo wa chini ni wa baridi. Hilo la kushuka chini likumbuke, hatua nyingi zinatoka hapo.

Namba za kushika

Mchana, kati ya nyuzi 22 na 28 pale anapokaa buibui. Usiku ukishuka mpaka 18 usihangaike, na hata 16 ya usiku mmoja mmoja haimdhuru buibui mzima aliye pakavu. Ikifika 30, anza kuangalia. Ikifika 32, chukua hatua. 35 ni hatari ya kweli, na huko hupaswi kumfikisha hata kwa saa moja.

Ninaongelea hasa buibui wa ardhini anayechimba, na wa kwetu anayefahamika zaidi ni Pterinochilus murinus, mwenye rangi ya kahawia inayokwenda mpaka chungwa, anayepatikana Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Ukimfuga yeye, joto la Tabora analijua, mradi umempa shimo. Lakini ana mbio za ajabu na hasira za karibu, na akikuuma maumivu ni makali na misuli inaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Hashikwi kwa mkono, na wala usimpe mtoto amwonyeshe mgeni. Wale wa Amerika, kama Brachypelma wa Mexico, ni wapole zaidi, na namba za joto ni hizo hizo. Na kabla hujamchukua buibui porini, pita kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize utaratibu. Ndani ya hifadhi usiguse kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Boksi la plastiki la uwazi lenye mfuniko unaojifunga, kiasi cha lita 20 hadi 30 kwa buibui mzima.
- Kipimajoto cha dijitali chenye waya mrefu na kichwa cha kupimia. Ulizia kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, wanakouza vifaa vya mashine za kutotolea vifaranga. Ukipata kinachohifadhi joto la juu na la chini la siku, chukua hicho.
- Udongo wa kichuguu na mchanga, ndoo moja kubwa kwa jumla.
- Kifuniko cha chupa au kisahani kidogo cha maji.
- Kigae cha chungu kilichovunjika au kipande cha gome la mti, cha kujifichia.
- Kibanio kirefu na brashi laini ya rangi, ili mkono wako usiingie ndani.
- Gunia moja la katani na beseni, kwa ajili ya miezi ya joto.
- Makopo manne madogo ya kuweka chini ya miguu ya meza.
- Daftari na kalamu.

Taa ya joto haimo, na mkeka wa umeme haumo. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua kipimajoto.

Kazi yenyewe

1. Pima chumba kabla ya kumleta buibui. Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, nami naipa uzito kuliko zote. Chukua siku tatu. Kila siku pima saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa mchana na saa nne usiku, katika sehemu nne za chumba: juu ya kabati, kwenye meza, karibu na sakafu, na karibu na dirisha. Acha kipimajoto dakika ishirini kila mahali kabla ya kusoma. Andika. Utashangaa. Kwenye chumba changu kimoja kule Isevya, chenye ukuta wa tofali za kuchoma na bati bila dari, siku moja ya mwisho wa Septemba ilinipa hivi saa tisa mchana: juu ya kabati 37, mezani 32, sentimita thelathini kutoka sakafuni 28. Chumba kimoja, saa moja, nyuzi tisa za tofauti. Basi mtu akiniambia “chumba changu kina nyuzi 30” namuuliza, wapi, na saa ngapi?

   Nyumba za udongo ni nyingine kabisa. Aliyewahi kuingia tembe la Kwihara, lile alilokaa Livingstone mwaka 1872, anajua mchana wa jua kali ndani yake ukoje: ukuta mnene wa udongo na paa la udongo vinachukua saa nyingi kupata moto, na vikishapata usiku umefika. Kama kwenu kuna chumba cha tofali mbichi cha zamani ambacho wenyewe mnakiona cha kizamani, hicho ndicho chumba cha buibui.

2. Chagua mahali kwa kufuata namba. Tafuta sehemu ambayo kipimo cha mchana na cha alfajiri havipishani sana, na ambayo mchana haikuvuka 30. Mara nyingi itakuwa chini ya usawa wa kiuno, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni. Ukuta wa magharibi uguse kwa kiganja saa kumi na mbili jioni uone unavyochoma. Boksi lisiegemee hapo. Liwe mbali na jiko, mbali na nyuma ya friji, mbali na televisheni.

   Onyo: jua lisiguse boksi hata dakika kumi. Plastiki ya uwazi huingiza jua na kulifungia ndani. Mwanga unaopenya pembeni ya pazia husogea kadiri jua linavyotembea, kwa hiyo mahali penye kivuli saa tatu asubuhi pasikudanganye. Kaa uangalie siku nzima ya Jumapili.

   Ukishusha boksi chini, sisimizi watalifuata, na hao humla buibui akiwa anajivua gamba na hana nguvu. Tumia stuli au meza fupi, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji, kama wanavyofanya akina mama kulinda sukari. Meza isiguse ukuta.

3. Toboa boksi. Msumari uliopashwa moto, ushikwe kwa koleo. Matundu mengi madogo pande mbili zinazotazamana, mstari wa chini na mstari wa juu, ili hewa ya moto itoke juu na hewa ya baridi iingie chini. Mfuniko peke yake hautoshi. Tundu liwe dogo kuliko kichwa cha buibui wako, kwa sababu kichwa kikipita mwili wote unapita.

   Onyo kubwa: usizibe matundu kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Vyandarua tulivyo navyo majumbani vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo inamuua buibui vile vile. Kama unataka wavu, tumia ule wa waya wa madirishani. Chumba kilichopuliziwa dawa ya mbu au kinachochomwa dawa ya mbu kila jioni hakimfai, hata joto lake likiwa zuri kiasi gani.

4. Jaza udongo wa kina. Ponda udongo wa kichuguu, uchekeche, changanya sehemu mbili za kichuguu na moja ya mchanga, kisha ukaange kwenye sufuria kuukuu ili chungu na mchwa waliomo wafe. Upoe kabisa, siku nzima. Weka kina cha sentimita 15 kwa buibui mzima, na zaidi kama boksi linaruhusu. Kati ya udongo na mfuniko nafasi isizidi mara moja na nusu ya urefu wa buibui aliyenyoosha miguu. Akipanda juu sana akaanguka, tumbo hupasuka naye hufa.

   Mwanzishie shimo kwa mpini wa mwiko, la kwenda mshazari, limefuata ukuta wa boksi ili uweze kuona ndani. Funika mdomo wake kwa kigae. Kona moja ya mbali mwagia maji kidogo yashuke mpaka chini, kwingine pabaki pakavu. Sasa umempa kitu ambacho taa yoyote haiwezi kumpa: juu joto, chini ubaridi, kona moja unyevu, naye anachagua. Mimi huingiza waya wa kipimajoto mpaka mwisho wa shimo. Siku ambayo hewa ya juu ni 31, chini mara nyingi nasoma 27.

5. Weka kipimajoto mahali anapokaa yeye. Kichwa cha waya kiingie kwenye tundu la chini, kilale juu ya udongo karibu na mdomo wa shimo. Kisibandikwe kwenye mfuniko wala kisining’inie hewani. Namba unayotaka kujua ni ile ambayo tumbo lake linaihisi.

6. Acha boksi tupu siku mbili. Likiwa mahali pake, na udongo, na maji, bila buibui. Soma asubuhi na saa tisa. Ikivuka 30, sogeza boksi sasa, wakati hakuna wa kusumbuliwa. Ikitulia, mwingize jioni kwa kukilaza kikopo chake ndani na kumsukuma taratibu kwa brashi. Maji yawepo siku zote. Wiki ya kwanza usimlishe. Baadaye mpe mende au nyenje mmoja kwa wiki, waliotoka mahali pasipopigwa dawa. Wa shambani kwenye tumbaku hapana.

7. Septemba hadi mvua zishuke: poza. Mvua zetu huanza Novemba, kwa hiyo hesabu wiki nane au tisa za kuwa macho. Kwanza pazia zito dirishani kuanzia saa nne asubuhi, na dirisha lifunguliwe usiku hewa ya baridi iingie. Kama hakuna dari, hata mikeka iliyotandikwa juu ya mbao za kenchi, kati ya boksi na bati, inapunguza ule moto unaoshuka kutoka juu.

   Ikifika 32, tumia gunia. Loweka gunia la katani, likamue lisichuruzike, lining’inize kwenye kamba au kiti pembeni ya boksi, mkono mmoja kutoka lilipo, upande ambao hewa inaingia chumbani. Ncha ya chini itumbukie kwenye beseni la maji ili gunia liendelee kunyonya. Ni kazi ile ile ya mtungi wa maji wa bibi: maji yanapokauka yanabeba joto kwenda nalo. Miezi hiyo hewa yetu ni kavu mno, ndiyo maana njia hii inafanya kazi vizuri. Mvua zikishaanza haitakusaidia, na kwa bahati njema hutaihitaji.

   Onyo: gunia lisilifunike boksi. Likiziba matundu unampika buibui kwa mvuke, na kesho yake udongo una ukungu. Chupa ya barafu nayo ikae nje ya boksi, imefungwa kitambaa, upande mmoja tu. Ndani usiweke. Na usimnyunyizie buibui maji ya baridi kwa huruma.

8. Juni na Julai: mkinge, usimchemshe. Kipupwe cha Tabora kina usiku mkali na mchana mzuri. Ukisoma 17 alfajiri na 25 mchana, acha kila kitu kama kilivyo. Atakula kidogo, atakaa ndani ya shimo, na huo ni mwezi wake wa kupumzika. Ikianza kushuka chini ya 16 usiku hadi usiku, mhamishie chumba cha ndani wanacholala watu, pandisha boksi kidogo, na usiku liingize ndani ya lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki, ukiacha mfuniko wake wazi nusu. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa taulo, ikiwekwa kati ya maboksi mawili, inatosha mpaka asubuhi.

   Mwenye umeme wa uhakika na buibui mdogo sana anaweza kutumia mkeka wa joto, kwa masharti matatu. Ubandikwe ubavuni, kamwe usiwe chini. Uchukue theluthi moja ya ubavu. Uendeshwe na thamostati, kile kifaa kinachouzima na kuuwasha mkeka chenyewe kwa kufuata joto, ambacho mafundi wa mashine za vifaranga wanakijua vizuri. Kwa nini usiwe chini? Rudi kwenye yale ya shimo: buibui akisikia joto anachimba kwenda chini, anakutana na mkeka, anachimba zaidi. Anakufa akiwa anafanya jambo sahihi.

   Balbu juu ya boksi inamkausha kabla ya kumpasha. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa ajili ya buibui au ya mtu, nakuomba usithubutu. Hewa yake inaua familia nzima usingizini.

9. Andika. Mstari mmoja kwa siku: alfajiri, saa tisa, amekula au hakula. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa nchi nyingine anayeweza kukuandikia, hali ya hewa ya kona moja ya nyumba yako.

Kwa wa Kigoma

Ndugu zangu wa Ujiji na Mwanga, ninyi ziwa linawafanyia nusu ya kazi. Tanganyika iko mita 770 hivi tu juu ya bahari, usiku wenu haushuki kama wetu na mchana hautofautiani sana mwezi hadi mwezi. Kwenu sahau habari za kupasha joto. Adui ni unyevu ukiungana na joto, hasa miezi ya mvua: ongeza matundu, maji yaishie kwenye kisahani, na gunia la kulowa usilitegemee karibu na ufuko. Walio juu milimani upande wa Kasulu na Buhigwe wafuate maelezo ya kipupwe, maana huko baridi ni ya kweli.

Ukimsafirisha kwa treni kati ya Tabora na Kigoma, mweke kwenye kikopo kidogo chenye matundu na karatasi laini yenye unyevu, ndani ya mfuko mweupe, miguuni pako kivulini. Kwenye rafu ya juu karibu na paa la behewa, hapana.

Mambo yakienda kombo

*Amepanda kwenye mfuniko mchana, hatulii.* Soma kipimajoto kwanza. Ikiwa 31 au zaidi, anakimbia joto la udongo au la ukuta: shusha boksi, funga pazia, subiri saa mbili. Ikiwa namba ni nzuri, angalia udongo. Ukiwa umelowa wote atapanda pia. Ikiwa ni wiki yake ya kwanza, mwache, anazoea.

*Amekaa juu ya kisahani cha maji, kichwa chini.* Anakunywa, na anakunywa kwa sababu amekauka. Jaza maji, punguza joto.

*Miguu imekunjwa chini ya tumbo, hatembei.* Hapa usipoteze muda. Mhamishie chumba kilichopoa, chenye giza, si kwenye friji. Msogeze kwa brashi mpaka mdomo wake, ulio chini upande wa mbele, uguse ukingo wa kisahani chenye maji kidogo sana. Asizame. Mwache saa kadhaa bila kumgusagusa. Wengine hunyanyuka.

*Amelala chali, miguu juu.* Huyu haumwi. Anajivua gamba. Ondoa mdudu yeyote wa chakula aliyebaki ndani, usisogeze boksi, usiwashe taa, usimgeuze. Watu wengi wamewaua buibui wazima kwa kuwageuza. Huchukua saa kadhaa, na baada ya hapo usimlishe wiki moja hadi mbili, mpaka meno yake yawe meusi tena.

*Ameziba mdomo wa shimo kwa udongo na utando, mwezi sasa.* Ama anajiandaa kujivua gamba, ama ameona joto la juu limezidi akajifungia. Usimfukue. Weka maji, pima joto la ndani ya shimo kupitia ubavu wa boksi, ukiona liko chini ya 30 ondoka.

*Ukungu mweupe kwenye udongo, matone kwenye kuta.* Hewa haitembei. Ongeza matundu ya chini, chota udongo wenye ukungu kwa kijiko kirefu, acha ukauke. Matone ya alfajiri peke yake, yanayokauka kabla ya saa tatu, ni ya kawaida wakati wa kipupwe.

*Vipimajoto viwili vinatoa namba tofauti.* Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza vichwa vya waya dakika tano. Kizima kitasoma karibu na 0. Kinachosoma 3, andika juu yake kwa kalamu ya wino “toa 3” uendelee kukitumia.

*Umeme umekatika na mkeka umezimika.* Saa chache hazimdhuru. Funga boksi la samaki, weka chupa ya vuguvugu, lala.

*Nasafiri wiki mbili, nimwachie nani?* Buibui mzima aliyeshiba hahitaji chakula wiki mbili, anahitaji maji na mtu wa kusoma namba. Mimi humwachia binti wa jirani, ambaye hapendi hata kumtazama, nami simlazimishi. Kipimajoto kiko nje ya boksi, maji anaongeza kwa bomba la sindano kupitia tundu lililo juu ya kisahani. Juu ya meza namwachia kipande cha karatasi ngumu chenye namba moja kwa kalamu nene, 32. Ikifika hapo, afunge pazia, aloweke gunia, anipigie.